Mombasa hadi Malindi kwa baiskeli, baada ya kuacha kuwasikiliza wajuaji

Mtu akikuambia barabara ya Mombasa–Malindi inafuata bahari, muulize aliipita na chombo gani. Mimi nimeipita juu ya baiskeli, mwendo wa kuona kila kitu, na nakuhakikishia kwamba ukishika lami kuu peke yake, karibu kilomita 120 kutoka mjini Mombasa, ukishatoka kisiwani bahari utaiona vizuri mahali pawili: daraja la Mtwapa na daraja la Kilifi. Basi. Kwingine ni mkonge, mibuyu, minazi, msitu, matuta na migongo ya malori. Bahari ipo, wala haiko mbali, lakini imejificha upande wa mashariki nyuma ya mashamba na kuta za mahoteli. Ukiitaka, uiendee.

Hilo hakuna aliyeniambia. La pili, yaani uanzie upande gani, ndilo lililonifanya nishike kalamu, na hilo niliambiwa kinyume chake kabisa.

Nina jamaa yangu mmoja ambaye baiskeli yake ya bei kali imetundikwa ukutani sebuleni na haijawahi kushika tope. Ndiye mshauri wa kila mtu. Nilipomwambia nataka kwenda Malindi kwa baiskeli, hata hakufikiri: "Usianzie huku. Panda gari alfajiri na baiskeli yako, shuka Malindi, endesha kurudi. Ukichoka, kila kilomita inakusogeza kitandani kwako." Ukiisikia hivyo ina akili. Hutafuti gari la kurudi jioni, hulali gesti, unamalizia kwako. Wenzake wawili waliokuwa pale wakatikisa vichwa kuunga mkono, na hakuna kati yao aliyeuliza ni mwezi gani.

Ilikuwa Julai.

Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa kwamba upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki, huanza kama Aprili, hukaza Juni, Julai na Agosti, kisha hulegea kuelekea Oktoba. Kaskazi hushika zamu karibu Desemba mpaka Machi, ikitoka kaskazini-mashariki. Katikati kuna maleleji, siku ambazo upepo haujaamua. Majahazi yamekwenda Uarabuni na Bara Hindi kwa kalenda hiyo karne na karne. Vasco da Gama, ambaye nguzo yake pale Malindi kila mgeni lazima apige nayo picha, aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498 na rubani aliyepewa hapohapo, kusi ikimsukuma mgongoni, akaiona pwani ya India kabla ya kutimiza mwezi mmoja baharini. Wakati wa kurudi hakungoja upepo ugeuke. Bahari ileile ilimla karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wakawa wanakufa kwa kiseyeye njia nzima. Habari hizo nilifundishwa darasani, na jamaa yangu alikuwa darasa hilohilo, dawati la mbele. Sijui yeye alidhani zinawahusu nani.

Kwenye baiskeli hesabu ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna tanga la kugeuza. Ukienda kilomita ishirini na kitu kwa saa kwenye lami tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako haiendi barabarani, inaenda kusukuma hewa. Na hewa haidai kidogokidogo: kasi ya upepo unaokukabili ikiwa mara mbili, nguvu inayokurudisha nyuma inakuwa mara nne. Halafu pwani yetu imelala kwa kuinama. Ukitoka Malindi kwenda Mombasa unaelekea kusini na magharibi kidogo, kwa hiyo kusi inakupiga usoni na kwenye bega la kushoto, upande wa bahari, siku kutwa. Hakuna mlima wowote wa kutaja njia nzima. Ungekuwapo ungekuwa afadhali, maana mlima una kilele.

Basi nikapanda matatu ya usiku wa manane na baiskeli juu ya keria, nikashuka Malindi kungali na umande, na saa ya kwanza nikamsifu sana jamaa yangu. Alfajiri kusi huwa imelala. Nikafika njia panda ya Gede nikiwa napiga mluzi, nikapita Mida, msitu wa Arabuko-Sokoke ukiwa mkono wa kulia, ndege wakiimba. Ule msitu ni kilomita za mraba kama 420, msitu mkubwa wa pwani uliobaki wa aina yake Afrika Mashariki, na barabara inaambaa ukingo wake kitambo kirefu. Nikawaza: leo nitakula chakula cha mchana Mombasa.

Ilipofika kama saa tatu na nusu, kusi ikaamka.

Haikuja kwa kishindo. Kwanza niliona minazi yote imelalia upande mmoja. Halafu gia nikashusha moja, nikashusha nyingine, nikainama mpaka kidevu kikawa juu ya usukani. Saa yangu ya baiskeli ikasoma kilomita kumi na nne kwa saa. Kisha kumi na mbili. Nikadhani breki imegusa rimu. Nikasimama, nikainua gurudumu, nikalizungusha, likazunguka vizuri tu. Akina mama waliobeba ndoo za maji kichwani kando ya barabara walikuwa wananipita kila nikisimama, na mmoja wao alinipa pole kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

Mahali fulani baada ya Matsangoni, nikiwa nimeegemea nguzo ya umeme nanywa maji ya mwisho, akapita mzee mmoja na ile baiskeli nzito nyeusi tunayoiita Black Mamba, nyuma amefunga makuti. Makuti mengi: mafungu yaliyopangwa kwa kukingama, upana wake ukitoka pande zote mbili za keria, urefu ukifika mabegani mwake. Yaani amebeba paa la nyumba. Na anakwenda. Polepole, lakini anakwenda, amesimama juu ya pedali, anapepesuka kidogo kila upepo unapomchukua, anajirudisha.

"Bwana mdogo, waenda wapi na hiyo baiskeli ya mbio?"

"Mombasa, baba."

"Mombasa, na kusi hii?" Akanitazama kofia, viatu, miwani, akamalizia na miguu. "Kwani kwenu hakuna mtu mzima?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Haya, njoo nyuma. Karibu. Karibu zaidi. Nikinyoosha mguu kulia ni shimo. Nikikwambia breki, shika yako, mimi yangu ni hii," akanionyesha kandambili yake, ambayo kisigino chake kilikuwa kimelika kwa kukandamizwa kwenye tairi la nyuma.

Nikaingia nyuma ya makuti, na upepo ukakatika. Ilikuwa kama mtu amefunga dirisha. Masikio yalikuwa yamejaa kelele tangu saa tatu na nusu, sasa nikasikia mnyororo wangu, nikasikia makuti yakisuguana, nikasikia mzee akipumua. Nilipandisha gia. Nilikaa pale, gurudumu langu la mbele likiwa shubiri mbili hivi kutoka kwenye ncha za makuti, nikinusa ule unukio wa majani makavu na moshi, na miguu yangu ikaanza kurudi mwilini. Waendesha baiskeli wa mashindano hufanya hivihivi. Wanaokaa nyuma ya mwenzao huokoa robo mpaka theluthi ya nguvu zao. Lakini mbele yao kuna mgongo wa mtu tu. Mimi nilikuwa na paa. Kila nilipojitoa kando kidogo ili nione mbele, kusi ilinipiga kofi, nikarudi ndani haraka.

Aibu ilikuwapo, sitaficha. Matatu zilikuwa zikipunguza mwendo ili abiria waone: kijana mwenye nguo za kubana na baiskeli ya kaboni amejificha nyuma ya mzee wa kandambili. Mtoto mmoja alichungulia dirishani akacheka mpaka gari likapotea. Nilimwomba mzee nimsaidie, tubadilishane, mimi nitangulie. Akasema, "Wewe ukitangulia utanikinga nini? Wewe ni uzi." Tulikwenda hivyo mpaka Tezo, alikokuwa akipeleka makuti yake, nikamnunulia soda na mkate, tukaagana. Kutoka Tezo hadi Kilifi si mbali, lakini bila paa lile nilifika mjini nimejikunja mgongo. Nikaitupa baiskeli juu ya matatu ya kwanza. Mombasa ile siku niliiona kupitia dirishani.

Jamaa yangu nilipomweleza alisema, "Labda hukula vizuri."

Basi ndipo nilipoamua kwamba njia hii nitaipanga mwenyewe, na kanuni yake ni fupi mno hata naona haya kuiandika: kusi ikivuma, anzia Mombasa uende Malindi, kaskazi ikivuma, anzia Malindi urudi Mombasa. Yaani ushauri wa jamaa yangu ni sahihi kabisa, Januari. Wakati wa maleleji nenda utakako. Aprili na Mei upepo unafaa kwenda Malindi, lakini masika inanyesha na ukingo wa barabara unageuka tope. Mimi siku hizo natafuta kazi nyingine. Februari na Machi joto la Pwani linaua, kwa hiyo hata na kaskazi mgongoni uwe umeshamaliza kabla ya adhuhuri, kwani upepo ukiwa nyuma yako hupoi. Hilo nalo hawakwambii. Upepo wa nyuma unakusukuma kwa mwendo karibu sawa na wako, hewa inasimama mwilini, na jasho halikauki.

Mara ya kuifanya sawasawa ilikuwa Agosti, baada ya sala ya alfajiri nikavuka daraja la Nyali. Taa mbele, taa nyuma inayowakawaka. Ile taa ya nyuma usiizime hata jua likitoka. Dereva wa basi aliyeendesha usiku kucha anaona kinachowaka kuliko anachokitazama. Bamburi, Shanzu, Mtwapa: hapo huna utalii, unataka kutoka tu. Kazi ya kupanua barabara kati ya Mombasa na Kilifi imeleta michepuko, changarawe na vumbi, na hali yake hubadilika kila ukipita, kwa hiyo kipande hicho kipite mapema kabla tuk-tuk hazijaamka. Daraja la Mtwapa ukilifika jua linachomoza upande wa kulia, mashua zimetia nanga chini, maji yametulia. Simama. Kila mtu husimama.

Ukishaiacha Mtwapa na Kikambala nyuma, unaingia kwenye mkonge wa Vipingo, mistari mpaka macho yanachoka, mibuyu imeachwa katikati yake. Hapo ndipo nilipopata balaa la siku, na ndipo ninapotaka kujisifu.

Pancha za kawaida barabara hii si miiba. Ni vijiwaya, vya chuma, vyembamba kuliko nywele za mswaki, vinavyotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka na kutawanyika kando ya lami, palepale unapopita wewe. Huvioni. Ukiziba tyubu bila kukitoa kijiwaya, baada ya kilomita moja unaziba tena. Kidole hakikipati, na kikikipata utajuta. Chukua pamba kidogo, au ncha ya leso, ipitishe ndani ya tairi taratibu mzunguko mzima; itanasa palipo na kijiwaya. Ndiyo siri yote.

Lakini pale Vipingo hakikuwa kijiwaya. Kigae cha chupa kilikuwa kimechana ubavu wa tairi, mchano wa upana wa kucha ya kidole gumba, na tyubu ikawa inachungulia nje. Tyubu mpya nilikuwa nayo. Tairi jipya sikuwa nalo, na ukijaza upepo tairi lililochanika hivyo, tyubu inavimba kupitia tunduni na kupasuka kama risasi. Fundi mmoja wa baiskeli kando ya barabara alinitazama kwa huruma. Tairi zake zote zilikuwa za Black Mamba, inchi 28, na hizo rimu zake ni milimita 635 wakati yangu ni 622. Zinaonekana ndugu lakini haziingiliani. Pampu yake nayo haikushika valvu yangu nyembamba ya Kifaransa. Akaniambia nipande gari.

Nikakaa chini ya mbuyu nikamwaga mkoba. Nina mswaki na dawa ya meno, kwa sababu nilipanga kulala Malindi. Nikaitazama ile tyubu ya dawa ya meno. Nikaibinya dawa yote ikatoka, nusu nikapiga mswaki pale pale, nusu nikampa fundi akaichovya kidoleni, akacheka. Kisha nikaichana kwa wembe wake, nikaisafisha kwa maji ya kunywa, nikakata kipande cha vidole vitatu, nikakunja mara mbili, nikapunguza kona zake ziwe za mviringo zisije zikaitoboa tyubu. Ile karatasi ya tyubu ya dawa ni plastiki iliyolalishwa tabaka kwa tabaka, haitanuki hata ukiivuta kwa meno. Nikaiweka ndani ya tairi, palipochanika, tyubu mpya juu yake, nikajaza upepo pungufu kidogo ya kawaida. Fundi akainama kutazama mchano: umetulia, ndani yake yanasomeka maandishi mekundu ya dawa ya meno. Akasema, "Hii nitaiba." Aibe. Kipande kile kilinifikisha Malindi, na kila nikisimama gurudumu lilinukia minti.

Tangu siku hiyo nabeba kiunganishi cha valvu, kile kidude cha shaba kidogo kuliko kifundo cha kidole. Bei yake haifiki hata ya chai na chapati, na kinafanya kila pampu ya kila fundi barabarani kuwa yako. Na nimeachana na tairi za milimita 23. Weka 28, au 32 kama fremu inakubali. Wajuaji watakwambia nyembamba ndiyo ya mwendo. Waambie waje wapite matuta ya huku na kingo za lami zilizoliwa, halafu tuongee.

Njia za kwenda kuiona bahari, sasa. Ukitoka Mombasa kwenda Malindi unaendesha kushoto na bahari iko kulia, kwa hiyo kila mchepuko unakuhitaji ukate barabara ya malori. Ukirudi, michepuko yote iko upande wako. Mimi ningekuwa sina upepo wa kuhesabu ningechagua kurudi kwa sababu hiyo tu. Takaungu, mji mkongwe wa ukoo wa Wamazrui, ni mchepuko wa vumbi kabla ya Kilifi. Tairi nyembamba zinateseka, lakini hori yake, ule mkono wa bahari unaoingia bara, na ule ukimya wake mimi sijapata mfano. Kilifi, kabla ya daraja, upande wa Mnarani, yapo magofu yanayoangalia maji. Daraja lenyewe lilifunguliwa 1991. Kabla yake watu walivuka kwa feri. Ukiwa juu yake pita njia ya waenda kwa miguu, kwanza kwa ajili ya kutazama, pili kwa sababu kusi inakuja kutoka mlango wa bahari na inakuyumbisha kwa ubavu karibu na magari. Ukishavuka, kunja kulia ushike barabara ya Bofa. Ina lami, ina vivuli, na bahari iko nyuma ya nyumba. Hakuna mtu anayekupigia honi.

Kutoka Kilifi hadi Gede ndipo utajua kusi ni rafiki. Ile sehemu iliyonivua nguo Julai, niliipita mwendo wa zaidi ya thelathini kwa saa nikiwa nimekaa wima, mkono mmoja nimeshika korosho. Sikutoa jasho la maana. Mahali pale penye nguzo ya umeme nilipapita sikupatambua.

Gede usiipite tu. Ule mji ulioachwa msituni uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2024, na walinzi wanakubali baiskeli ikae penye kivuli karibu nao ukiomba kwa adabu. Kisha kunja kulia uende Watamu. Hapa ndipo lami na bahari hatimaye vinasogeleana: barabara inayoelekea mdomo wa hori ya Mida inapita kando ya fukwe, na vile visiwa vya mawe vilivyolika chini kama uyoga maji yakijaa unaviona vinaelea. Hifadhi ya bahari ya Watamu na ile ya Malindi zote mbili ni za 1968. Kama una muda wa kipande kimoja tu cha njia nzima, chukua hiki: Gede, Watamu, mdomo wa Mida, rudi.

Chakula. Mahamri na mbaazi Kilifi, hapo hatubishani. Lakini dafu ninataka kulisemea. Kila mtu hunywa dafu akidhani linarudisha chumvi iliyotoka kwa jasho. Dafu lina potasiamu nyingi, sodiamu kidogo, na jasho linatoa sodiamu hasa. Nilikunywa madafu kwa fujo siku moja ya kaskazi, na misuli ya paja ikakaza papo hapo. Dafu kunywa, ni tamu, lakini tia chumvi kidogo au litafunie korosho za chumvi. Uko Kilifi, korosho zimejaa.

Kuna na wale wanaosema upite ufukweni maji yakikupwa, mchanga ni mgumu, utaona bahari njia nzima. Mchanga ni mgumu kweli, mpaka ufike penye mchanga laini, au mwamba, au hori. Na hata ungefika, chumvi ikishaingia kwenye beringi na mnyororo, wiki ijayo baiskeli inalia kila ukikanyaga. Wenye tairi pana waende. Hawa wa tairi za mbio wanaoshauri hivyo sijawahi kuwaona wakiosha baiskeli.

Kwa madereva sina jipya, isipokuwa hili: ukiona lori linakuja mbele yako na basi linachomoza nyuma yake kulipita, usibishane, usinyooshe mkono, toka lami. Haki yako utaidai ukiwa majanini, mzima.

Wengi huniuliza kuhusu pwani ya kusini, kutoka Likoni kwenda Ukunda na kuendelea Lunga Lunga. Hesabu ya upepo ni ileile, na huko nako barabara kuu inaikwepa bahari. Ya kufurahia ni barabara ya ufukweni Diani: tambarare, ina vivuli, na juu ya lami zimefungwa ngazi za kamba ili mbega wavuke bila kugongwa. Kwa mtu anayeanza, au aliyenunua baiskeli juzi, aende Diani akazunguke pale kabla ya kuota Malindi.

Mwisho wa safari, popote ulipolala, osha baiskeli kwa maji baridi usiku huohuo, si asubuhi. Hewa ya bahari peke yake inatosha kuutia mnyororo kutu ya rangi ya chungwa kufikia kesho. Ndoo moja, kitambaa, kausha, mafuta kidogo kwenye kila pingili, futa yaliyozidi.

Na matatu ya kurudi: nauli utakubaliana, na ya baiskeli ni kutegemea makanga ameamkaje. Toa gurudumu la mbele mwenyewe, lifunge kwenye fremu kwa ukanda wa tyubu kuukuu, laza baiskeli upande wa gia ukiwa juu, na hakikisha hakuna gunia la viazi litakalokuja kukaa juu yake Kilifi. Makanga atakwambia, "Wacha nifunge mimi, bosi." Mwambie ahsante, halafu panda kwenye keria ufunge wewe.